Nyanya ya mabaka au Tumbling Tom: ipi ya kutundika Lamu?

Mamangu aliposimama chini ya kikapu mara ya kwanza, alishika jani moja kwa vidole viwili, akaligeuza tumbo, akaligeuza mgongo, kisha akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, tungule hii ina mbalanga. Ing'oe kabla haijaambukiza nyingine."

Haikuwa mbalanga. Hiyo ni nyanya ya mabaka, ambayo jani lake la kijani limemwagikiwa na rangi ya maziwa: hapa baka, pale mchirizi, jani jingine nusu jeupe nusu kijani kana kwamba limekatwa kwa kisu likaunganishwa na la mmea mwingine. Watu huipanda kwa ajili ya jani hilo, na nyanya zikija hupokewa kama mgeni aliyebisha hodi na kapu la zawadi.

Hatua tatu kutoka hapo nilikuwa nimetundika kikapu cha pili, chenye Tumbling Tom. Hiyo ilizalishwa hasa kwa vikapu vya juu. Matawi yake hayana haja ya kusimama. Huvuka ukingo wa kikapu na kuteremka, na vijinyanya vyake, vyekundu au vya manjano kutegemea pakiti uliyonunua, hukaa vishada vishada usawa wa macho.

Nimekaa nazo misimu mitatu ya Kusi katika nyumba yetu hapa Mkomani, na mwaka wa pili nikaongeza Tiny Tim. Kila anayeingia huuliza ipi bora. Mimi humrudishia maswali mawili: utaitundika wapi, na utaimwagilia maji gani? Uzuri wa jani tutauzungumza, lakini jani zuri lililoungua halimpendezi mtu.

Tabia zao

Tuanze na kinachoifanya nyanya ya mabaka iwe nzuri, kwa kuwa ndicho hicho hicho kinachoitesa. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, ule ukijani ambao mmea hupikia chakula chake kwa mwanga wa jua. Mmea wa namna hii ni jahazi lenye mabaharia kumi, sita wanavuta kamba na wanne wamekaa wamevaa kanzu safi. Litafika, ila usilishindanishe. Mwaka jana nilizipanda siku moja, udongo mmoja. Tumbling Tom ilipokwisha kunipa kiganja cha kwanza cha nyanya mbivu, ile ya mabaka ilinifanya ningoje karibu wiki tatu zaidi. Na kwa hesabu ya jikoni, kikapu cha Tumbling Tom kilitulisha kachumbari mpaka tukagawa kwa majirani; cha mabaka kilijaza bakuli mara nne.

Kuna jambo ambalo picha ya pakiti haisemi. Aina ninayopanda inauzwa ng'ambo kwa jina la Variegated, na wauzaji huihusisha na Ireland. Kwa asili si nyanya ya kuning'inia hata kidogo. Ni ya zile zisizojua kukoma: shina huendelea kurefuka mpaka ulikate au life, na likifungwa kwenye mti hufika kimo cha mtu mzima. Ukiitia kikapuni, shina huinama kwa uzito wake, kisha ncha hugeuka na kutazama juu tena, kama shingo ya bata anayetafuta njia. Wengine wanaona kasoro. Mimi naona ndiyo sura yake. Lakini sharti uitie adabu. Acha mashina mawili tu, ondoa vichipukizi vya kwapani, vile vinavyoota kati ya shina na jani, vingali vidogo kama kidole cha mtoto, na mashina yakishateremka kiasi cha sentimita 60 kata ncha. Usipofanya hivyo, ikifika Agosti utakuwa na kamba mbili ndefu zenye majani mwishoni na upara juu.

Tumbling Tom haitaki mkono huo. Vichipukizi vyake ndivyo vinavyozaa, na anayevikata anakata kachumbari yake mwenyewe. Iache.

Tiny Tim ni kifupi kilichotoka Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, mwaka 1945. Kimo chake ni sentimita 30 hadi 45, na husimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Hakimwagiki wala hakiningʼinii, kwa hiyo anayetaka pazia la majani kitamuudhi. Nilikileta kwa sababu ya upepo, na nitafika huko.

Na mtu akikuletea mbegu za Faelan's First Snow, nyanya nyingine ya mabaka iliyotokana na Cherokee Purple, mshukuru, kisha uzipande ardhini. Nyanya zake ni kubwa na nzito. Kikapuni zitakuvunjia tawi kabla hazijaiva.

Kiwandani au darini

Nyumba za mawe za Lamu zina kiwanda, na hapa sisemi cha kutengenezea sabuni bali ule ua wa ndani ulio wazi juu, katikati ya kuta ndefu. Kiwandani mwetu jua huingia kama saa tatu za asubuhi na huondoka kabla ya saa nane. Baada ya hapo mwanga upo mwingi, ila jua lenyewe limepanda ukutani na halishuki tena mpaka kesho.

Nyanya ya mabaka hapo ndipo kwao. Muda wa saa nne au tano za jua la asubuhi unaitosha, na kivuli chenye mwanga cha alasiri huyapa mabaka yale rangi yao halisi, nyeupe ya maziwa mabichi. Jioni, ukiwa umekaa kwenye mkeka na taa haijawashwa, majani hayo ndiyo ya mwisho kupotea gizani.

Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilikitundika kikapu darini, yaani juu ya nyumba, juani kutwa, tena Februari, Kaskazi ikivuma kavu. Siku ya nne kila baka jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa, na sehemu za kijani za jani lile lile zilikuwa nzima kabisa. Niligusa, likavunjika kama kaki. Wakati huo Tumbling Tom, pale pale darini, ilisimama vizuri tu, isipokuwa maua yake yalidondoka.

Ukibadilisha nafasi, mambo yanageuka. Tumbling Tom nilipoishusha kiwandani ilinyong'onyea kutafuta jua: matawi marefu, membamba, pingili zikiachana, maua ya kuhesabu. Inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Kwa hiyo mwenye kiwanda chenye kivuli na mwenye dari lenye jua hawawezi kupewa jibu moja, hata wakiwa majirani wa ukuta mmoja.

Kuhusu maua kudondoka, hilo linazikumba zote. Nyanya hutaka usiku uwe na ubaridi kidogo ili ua lishike. Usiku ukibaki kwenye nyuzi 24 na zaidi, chavua hudhoofika na ua hukatika kwenye kifundo chake na kuanguka. Februari na Machi hapa pwani ndivyo usiku ulivyo. Aina za vijinyanya vidogo huvumilia kuliko zenye nyanya za wastani na kubwa, na hapo Tumbling Tom na Tiny Tim zinaishinda ya mabaka wazi wazi. Nikipanda mbegu mwisho wa Mei, masika yakiwa yanapungua, miche huingia vikapuni mwisho wa Juni na maua hukutana na Julai na Agosti, miezi yetu ya ubaridi. Mabaka nayo hukolea zaidi wakati huo. Joto likipanda majani mapya hutoka na kijani kingi na weupe kidogo, mpaka unajiuliza kama mtu alikubadilishia mche. Kwa msimu wa Vuli mimi hupanda Tumbling Tom tu. Ya mabaka ikipandwa Oktoba hukua kuelekea kwenye Kaskazi, yaani kuelekea kwenye moto.

Sasa upepo. Kusi ikishika, kikapu kilicho wazi hucheza kama bembea la Idi. Mji wetu umejificha kidogo, unatazamana na Manda ng'ambo ya mkondo, lakini Shela kwenye ufuo au darini kwa mtu hakuna maficho. Matawi marefu ya Tumbling Tom husugua ukingo wa kikapu mpaka yakachubuka. Ya nyanya ya mabaka, yakiwa mazito kwenye ncha, huvunjika. Tiny Tim, kwa ufupi wake, hutikisika na kikapu chake kama kitu kimoja na hakipati jeraha. Ukiwa na dari linalopigwa na upepo wa bahari na huna pa kwenda kwingine, chagua hicho, tena ukifunge kikapu kwa kamba ya pili chini ili kisizunguke.

Ila upepo una faida yake. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake imefungiwa ndani ya kijibomba na haitoki mpaka ua litikiswe. Darini upepo unafanya kazi hiyo bure. Nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa boriti na kutuudhi kwa unga wa mbao kwenye mkeka, nao ni mafundi: huling'ang'ania ua na kunguruma mpaka chavua imwagike. Kiwandani hakuna upepo na nyuki huja kwa bahati. Hivyo saa nne za asubuhi, umande ukishakauka, mimi hupita na kugonga kamba ya kikapu kwa kidole, mara tatu nne, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Msimu nilioanza kufanya hivyo ndio niliopata hizo bakuli nne. Kabla ya hapo nilipata nyanya saba.

Maji

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na wakishashindwa hulaumu mbegu.

Maji matamu ya mji huu ni ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua huzama mchangani, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na visima vikivutwa kuliko kilichoingia, chumvi hupanda. Kila mwenyeji wa Lamu anajua ladha ya maji ya kisima chao na ya kisima cha jirani. Kwa mnazi tofauti hiyo si kitu. Kwa nyanya iliyo kwenye kikapu ni kubwa, kwa sababu kikapu hukauka kila siku: maji huondoka, chumvi hubaki, kesho unaongeza nyingine. Baada ya mwezi utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo.

Ya mabaka huonyesha chumvi mapema kuliko zote. Kingo za sehemu nyeupe huanza kuwa kahawia, mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu, na kwa kuwa umeipanda kwa ajili ya jani, mstari huo ndio mwisho wa raha yako. Kisha nyanya zenyewe huoza kitako: duara jeusi, kavu, lililobonyea pale ua lilipokuwa. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni upungufu wa kalisi kwenye tunda, na husababishwa na maji ya kuja na kutoweka na huzidishwa na chumvi inayozuia mizizi kunywa. Nyanya za wastani huugua hivyo mara nyingi. Vijinyanya vidogo kama vya Tumbling Tom mara chache. Sijapata kuona kimoja cha Tiny Tim kilichooza kitako, na nimekuwa nikikimwagilia maji ambayo mwenyewe nisingeyapikia chai.

Kwa hiyo: onja maji yako. Kama unayahisi chumvi kwenye ulimi, usianze na ya mabaka. Kama una birika au tangi la maji ya mvua, au uko tayari kununua madumu ya maji matamu, basi ipande. Kikapu cha kipenyo cha sentimita 35 hunywa lita mbili hadi tatu kwa siku, na wakati wa Kaskazi utamwagilia asubuhi na jioni. Piga hesabu ya madumu ya lita 20 kwa vikapu vyako kabla ya kununua hata mbegu moja. Mara moja kwa wiki mimi humwaga maji matamu mengi mpaka yatoke chini kwa dakika nzima, ili yachukue chumvi iliyolundikana, na hayo ya chini humpata mkadi ulio uani, ambao haujali.

Binamu yangu wa Malindi hunicheka. Yeye maji ya bomba yake yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na chumvi kwake ni kitu cha samaki. Nyanya zake za mabaka hazijui mstari wa kahawia. Shida yake ni kunguru: wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa Malindi hunyofoa nyanya siku moja kabla ya yeye kuzichuma, na wamejua kutua juu ya kikapu. Amefunika vikapu vya Tumbling Tom kwa kipande cha wavu wa samaki. Vya mabaka hakufunika, maana nyanya zenyewe ni chache na wavu unaficha majani, na majani ndiyo aliyoyagharimia. Hapo ameniacha nifikirie.

Kikapu na kamba

Nilianza na pakacha kwa sababu lilikuwa linapendeza na halikunigharimu kitu. Makuti mabichi yalikauka, yakaoza kwenye maji, na kabla ya mwezi wa tatu kitako kilifunguka. Pakacha ni la kubebea samaki na maembe, tusilitwike mengine. Sasa natumia kikapu cha waya, ndani nimekitandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Angalizo: makumbi yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa bahari. Yaoshe maji matatu manne, uyaonje kama uonjavyo mchuzi.

Tumbling Tom inaridhika na kikapu hicho, Tiny Tim hata na nusu yake. Ya mabaka naipa ndoo ya plastiki ya lita 15 iliyotobolewa chini na kuvishwa mkeka wa ukili kwa nje, kwa sababu waya na makumbi hukauka haraka mno na mmea huu hausamehi kiu. Udongo ni mmoja: theluthi udongo mwekundu unaoletwa kwa mashua kutoka Mokowe, theluthi usumba (nyuzi za makumbi) uliooshwa, theluthi samadi ya punda. Punda hatuwakosi. Lakini samadi yake iache ioze miezi minne, igeuzwe geuzwe na inyeshewe, la sivyo itaunguza mizizi, na mkojo wake nao una chumvi. Usiizidishe kwa ile ya mabaka. Ikishiba samadi hutoa majani ya kijani tupu yenye nguvu, na tawi la kijani tupu likitokea likate siku hiyo hiyo. Lina mabaharia wote kumi kwenye kamba. Likiachwa litaumeza mmea mzima na utabaki na nyanya ya kawaida isiyo na kisa.

Ndoo hiyo ikilowa ina uzito wa kilo 15 au zaidi. Nilitundika ya kwanza kwa kamba ya usumba, nikaona nimefanya jambo la asili. Saa nane za usiku ilikatika, ikaanguka kiwandani kwa kishindo, na mamangu akapiga kelele za mwizi mpaka jirani akaja na mwiko wa pilau. Siku hizi ni nailoni nene ya wavuvi, maradufu, na huibadilisha kila mwaka kwa sababu jua huila. Mnyororo wa duka huonekana imara, lakini hewa yetu ya bahari huula kutoka ndani ya viungo, na kutu haikuonyi. Tundika kwenye boriti nzima, si ukutani. Kuta za matumbawe na chokaa hazishiki skrubu, na mji huu wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Si mahali pa kutoboa toboa kwa ajili ya kachumbari.

Mgonjwa asiyeonekana

Turudi kwa mamangu na mbalanga yake, maana alikosea mwaka ule, lakini mwaka uliofuata alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Kuna nondo anayeitwa Tuta absoluta aliyebainika Kenya mwaka 2014 na ambaye tangu hapo amekuwa balaa la wakulima wa nyanya. Kiwavi wake huingia katikati ya ngozi mbili za jani na kula nyama iliyomo, akiacha dirisha jeupe. Baka jeupe. Kwenye Tumbling Tom nililiona dirisha la kwanza siku ile ile, nikanyofoa jani, nikalitia kwenye mfuko uliofungwa na kuuacha juani. Kwenye nyanya ya mabaka nilipita mbele yake wiki mbili nikisifu jinsi ilivyozidi kupendeza.

Njia ya kutofautisha ni kuliinua jani mbele ya mwanga. Baka la asili ni laini, zito, mwanga haupiti wazi, na mishipa ya jani inapita ndani yake bila kukatika. Alipokula kiwavi panaangaza kama karatasi ya mafuta, na ndani utaona vipunje vyeusi, kinyesi chake, na pengine mwenyewe akijisogeza. Virusi navyo vina sura yao: jani hukunjamana au kujikunja kingo, hugeuka manjano yasiyo na mpaka, mmea hudumaa, na ukitikisa tawi inzi weupe huruka kama unga. Baka la asili lina mpaka safi na jani limenyooka.

Kama wewe si mtu wa kuinua jani mbele ya mwanga kila siku mbili tatu, hiyo ni sababu tosha ya kuchukua Tumbling Tom. Jani lake husema kweli. Likiwa na njaa hupauka, likiumwa huonyesha. La mabaka lina njia nyingi mno za kuwa jeupe.

Mbegu

Madukani utapata mbegu za Cal J na Rio Grande bila kutafuta. Hizi za vikapu zinahitaji juhudi, na ya mabaka zaidi. Ndugu aliye ng'ambo akitaka kukutia pakiti kwenye sanduku, mzuie kwanza. Mbegu zinazoingia Kenya zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka, na kibali huombwa kabla mbegu hazijasafiri.

Mbegu za Tumbling Tom panda sita, utapata miche mitano inayofanana. Za mabaka panda kumi na mbili. Mingine itatoka kijani tupu, miwili mitatu myeupe mno. Mche mweupe mtupu ni mzuri kuliko yote na utakufa. Unaishi kwa akiba ya mbegu, ikiisha basi. Nilishawahi kuukesha mmoja kwa kivuli na maji ya mvua. Siku tisa. Chagua ule ambao kijani ni zaidi ya nusu kidogo na mabaka yametapakaa kila jani.

Ukishapata mche wenye mabaka unayoyapenda, usitegemee mbegu tena. Chukua kichipukizi cha kwapani cha urefu wa kiganja, kitie kwenye gilasi ya maji kivulini, na baada ya wiki moja au mbili kitakuwa na mizizi na mabaka ya mama yake. Hivyo ndivyo nilivyowagawia watu watano bila kuagiza kitu. Majani usiyapike wala usimpe mbuzi. Ni mazuri kwa macho tu.

Wiki iliyopita mwenye nyumba ya wageni kule Shela aliniuliza atundike ipi kwenye baraza lake la juu. Nilikwenda kuona. Baraza linatazama mashariki, makuti yanalikinga kuanzia saa sita, tangi la mvua lipo, na mfanyakazi wake humwagilia maua kila asubuhi bila kukumbushwa. Nilimwambia atundike ya mabaka tatu barazani kwa wageni wa Julai na Agosti, na Tumbling Tom mbili nyuma, karibu na jiko, ambako mpishi atazifikia kwa mkono. Wageni wa Desemba je? Kwa hao azishushe zile za mabaka zikishachoka, achukue vichipukizi viwili vya kulinda ukoo ndani ya gilasi, na barazani atundike Tumbling Tom alizozipanda Septemba. Akauliza kama anaweza kupata zote mbili katika mmea mmoja. Nikamwonyesha mkono wangu, uliokuwa bado na harufu ya majani, nikamwambia aanze na kununua kamba.